Vumbi Halitoi Risiti

Kutoka kituoni hadi kwa dada yangu, Kimara, kuna kilima kimoja, kile ambacho masika hukichimba kila mwaka na wenye nyumba hukijaza vifusi kila mwaka. Jumapili moja ya mwezi wa tatu nilikuwa nakipanda, na mbele yangu, hatua kama thelathini hivi, alikuwa shemeji. Hakujua kama niko nyuma yake. Alipofika katikati akasimama, akatoa simu mfukoni, akaishika mbele ya uso kama mtu anayesoma ujumbe mrefu. Kijana mwenye ndoo kichwani akampita. Mama mmoja na watoto wake, wametoka kanisani, wakampita. Aliwaitikia salamu kwa kichwa, macho hayatoki kwenye kioo.

Nilipomfikia nikaona kioo ni cheusi. Simu ilikuwa imeisha chaji.

Ana miaka 41.

Tulipanda kipande kilichobaki pamoja, polepole, nikijifanya mimi ndiye niliyechoka. Hatukulizungumza. Lakini ile simu nyeusi ilinikaa kichwani wiki ile, na wiki iliyofuata, hadi nikaanza kuuliza mambo ambayo ningeyauliza miaka mingi nyuma laiti ningekuwa makini.

## Weupe wa mlangoni

Shemeji ni fundi wa marumaru. Kuanzia 2011, kwa miaka kumi na miwili, alikata na kung'arisha mawe ya jikoni katika karakana moja kando ya barabara kubwa hapa Dar. Jiwe linapimwa, linachorwa, linakatwa kwa grenda, linatobolewa tundu la sinki, kingo zinasuguliwa mpaka kidole kinateleza. Kukata kwa maji kunachelewesha: yanatakiwa pipa, mpira, na mtu wa kumwagia, na nyumbani kwa mteja yanaacha tope. Basi walikata kavu. Kitambaa puani, miwani ikiwepo, kazi inaendelea.

Jioni dada alimsimamisha mlangoni akamkung'uta kwa kanga kuukuu kabla hajaingia. Tulizoea kucheka ule weupe wa kwenye nyusi. Wanangu walikuwa wakimwita Babu.

Sasa najua tulikuwa tunacheka nini. Marumaru halisi ina silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga, kidogo sana. Graniti ina nyingi, mara nyingi robo ya jiwe au zaidi. Na lile jiwe linalotengenezwa kiwandani, wanaloliita kwatzi, ambalo wateja wamelipenda kwa sababu halinyonyi mafuta wala halishiki madoa, linaweza kuwa silika kwa zaidi ya asilimia 90. Likikatwa kavu, chembe zake ndogo kabisa, ambazo jicho haliwezi kuziona, hupita puani na kooni zikafika mwisho wa njia ya hewa, kule ambako mwili hauna ufagio. Askari wa mwili huzimeza wakashindwa kuziyeyusha, wakafa nazo, na pale walipofia panaota kovu. Kovu moja, makovu mia, maelfu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na unaweza kuendelea kusonga mbele hata baada ya mtu kuacha kazi.

Vumbi alilokung'uta dada ni lile kubwa, lisilofika mbali. Lenye madhara alikuwa ameshaingia nalo ndani.

## Swali la pili

Kabla hatujalijua jina hilo, shemeji alikuwa ameshamaliza dozi mbili za kifua kikuu. Mara mbili, miezi sita kila mara, vidonge asubuhi, mkojo mwekundu, jirani wanahesabu vikombe vyao. Mara zote mbili kipimo cha makohozi hakikuonyesha vimelea. Lakini picha ya kifua ilikuwa na madoa, anakohoa, amekonda, na hapa kwetu mtu akikohoa na kukonda tunajua tunakokwenda. Simlaumu aliyemwandikia dawa. Picha za magonjwa hayo mawili hufanana, na kibaya zaidi huandamana: mapafu yenye silika humkaribisha TB kwa urahisi kuliko mapafu mengine, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo yote mawili.

Mara ya tatu alikutana na daktari kijana, mtaratibu. Akamuuliza kazi yake. Akajibu kama alivyojibu siku zote: fundi.

Daktari akauliza: fundi wa nini?

Nimelifikiria sana swali hilo la pili. Halina gharama, halina mashine. Ilichukua miaka minne na vyumba vitatu vya daktari mpaka mtu alitoe mdomoni. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka: picha mpya, kipimo cha kupuliza hewa, picha ikapelekwa kwa mtaalamu anayeisoma kwa kuilinganisha na picha za mfano za Shirika la Kazi Duniani. Jibu likarudi kwenye karatasi yenye muhuri na tarehe.

Ile tarehe ndiyo iliyofungua ukurasa mwingine.

## Sheria inataka siku

Nilikuwa na picha yangu ya kesi za namna hii. Niliona mahakama, wakili, na sisi tunahangaika kuthibitisha kwamba tajiri alikosea kwa kutotoa barakoa na maji. Nilipoanza kusoma nikagundua kwamba huku kwetu, kwa kiasi kikubwa, mlango si huo.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, siku hizi asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Ukiumia au ukiugua kwa sababu ya kazi, hudaiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ugonjwa ni huo na umetokana na kazi hiyo. Madaktari wanapima kiwango cha ulemavu. Kisipozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo, kikizidi unalipwa pensheni kila mwezi. Matibabu yamo. Na muda wa kupeleka taarifa ni miezi kumi na miwili tangu ugonjwa ugundulike.

Nilisoma hayo usiku nikafurahi. Nikampigia dada saa nne na nusu nikamwambia, hii mbona inawezekana!

Asubuhi nikakaa na shemeji tuandike. Jina, sawa. Ugonjwa, sawa. Mwajiri.

Akaniangalia. "Shem, mimi sijawahi kusaini kitu chochote pale."

Hakuwa na mkataba. Hakuwa na hati ya mshahara. Alilipwa jioni, mkononi, jina lake likatiwa alama kwenye kaunta buku lililobaki kwenye droo ya tajiri. Miaka kumi na miwili, siku sita kwa wiki. Ukimuuliza ana karatasi gani, anayo moja: cheti cha hospitali kinachosema mapafu yake yamejaa mawe.

Ugonjwa wa vumbi ni tofauti na kukatwa kidole. Kidole kina saa, kina damu sakafuni, kina watu waliokukimbiza hospitali kwa bajaji. Vumbi huingia Jumatatu, Jumanne, Jumatano, miaka kumi, kisha siku moja unapanda kilima na huwezi. Sheria inauliza: siku gani? Kwa nani? Nani alikuona?

Uchungu wangu mkubwa uko kwenye karatasi moja ambayo ilipaswa kuwepo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, apimwe wakati akiwa kazini, apimwe anapoondoka. Nilikuwa nikiichukulia kama shughuli ya afya tu. Kumbe ni ushahidi pia. Laiti angepigwa picha ya kifua 2011, leo tungeziweka mbili mezani na zingesema zenyewe. Shemeji hajawahi kupimwa kazini hata urefu.

## "Huyo alikuwa fundi wake mwenyewe"

Nilikwenda karakana. Nilikwenda kwa adabu, siku ya kazi, saa tano. Grenda zilikuwa zinalia na vijana wawili walikuwa weupe hadi kope. Tajiri alinikaribisha kiti, akaagiza soda, akanipa pole nyingi, na nadhani pole ilikuwa ya kweli. Kisha akasema, "Mama, huyo hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa fundi wake mwenyewe. Kazi ikiwepo namwita, isipokuwepo yuko kwake."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Ilinichukua siku kadhaa kukikuta kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, na nilikisoma nimesimama. Kinasema mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo mojawapo kati ya mambo kadhaa: kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anamtegemea huyo kiuchumi, au anapewa vifaa na huyo, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Saa 45 kwa mwezi! Shemeji alizimaliza kwa wiki moja.

Grenda ilikuwa ya nani? Ya tajiri. Nani alisema leo mnakata kavu? Tajiri. Kwa hiyo kibarua si neno linalomfuta mtu, hata kama limetumika mjini hapa kuwafuta wengi. Lakini bado sheria hiyo inahitaji mahali pa kukanyagia. Inahitaji mtu wa kusema nilimwona pale.

## Jiko langu

Hapa ndipo pagumu kwangu.

Mimi nilimwona. Mwaka 2017 nilipomalizia nyumba, nilinunua jiwe la jikoni kwenye karakana hiyohiyo. Nilimwomba tajiri anipe punguzo na anitumie shemeji yangu aje afunge, kwa kuwa namwamini mkono. Alikuja na kijana mmoja. Tundu la sinki walilipimia vibaya kule, ikabidi wakatie uani kwangu. Nakumbuka nilisema jambo moja tu siku ile: nilisema wafunge mlango wa jikoni vumbi lisiingie ndani.

Nilipika wali nazi, wakala, nikawashukuru, nikapiga picha kwa sababu jiwe lilikuwa zuri.

Picha ile bado ninayo. Niliitafuta usiku mmoja kwenye simu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka. Yupo amechuchumaa, grenda mkononi, leso imefungwa puani, na amevaa fulana yenye jina la karakana mgongoni na namba ya simu ya tajiri. Nyuma yake kuna ukungu mweupe, na ukuta wa jirani hauonekani vizuri.

Nilikaa nayo muda mrefu. Ndiyo ushahidi wa kwanza tuliopata wa kumfunga kwenye kazi ile, nguo ile, kifaa kile. Na ni picha ya mimi nikiwa mteja ninayelipa jiwe lile likatwe haraka.

Siku zile kila mwenye jiko jipya alikuwa anafanya nilichofanya mimi, na sidhani hilo linanisaidia. Australia imepiga marufuku jiwe la kutengenezwa la jikoni tangu 1 Julai 2024, kwa sababu ya vijana waliokuwa wakifa kwa kulikata. Agosti ya mwaka huohuo, baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles liliamua mkata mawe mmoja alipwe zaidi ya dola milioni 52 na kampuni zinazotengeneza na kuuza jiwe hilo. Nilipoisoma habari ile niliangalia kaunta yangu. Ipo. Inang'aa. Bado nakatia vitunguu juu yake.

## Waliotangulia

Babu yangu mzaa mama alikwenda Joni. Wazee wengi wa Rungwe walikwenda, wakiandikishwa na Wenela, shirika la kuandikisha wachimbaji, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, hadi serikali yetu ilipositisha uandikishaji huo baada ya uhuru. Yeye alirudi 1959 na sanduku la bati, blanketi mbili, na kikohozi ambacho sisi wajukuu tulikijua kama sehemu ya sauti yake. Hakuna aliyekiita ugonjwa.

Kwa hiyo nilipofuatilia kesi za wachimbaji wa kule, nilikuwa namsoma yeye. Thembekile Mankayi alifanya kazi chini ya ardhi kuanzia 1979 hadi 1995, mapafu yakaharibika, sheria ya fidia ya wachimbaji ikampa randi 16,320, basi. Akaenda mahakamani kudai kwamba malipo hayo hayamzuii kumshtaki mwajiri. Alishindwa, akashindwa tena. Tarehe 3 Machi 2011 Mahakama ya Katiba ikasema alikuwa na haki. Alikuwa amefariki siku chache kabla. Lakini mlango alioufungua ukapitisha kesi ya pamoja ya maelfu ya wachimbaji, na 2018 kampuni sita zikakubaliana nao malipo ya randi bilioni tano.

Makubaliano yale yanahusu waliofanya kazi kati ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019. Nilihesabu kwa vidole, ingawa hakukuwa na haja. Babu hayumo. Mapafu hayakujua tarehe hiyo, lakini karatasi inaijua.

Uingereza nako walipita humo. Mwaka 1956 majaji wakuu walimpa haki mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma aliyevuta vumbi la silika kutoka mashine mbili, moja ambayo mwajiri hakuwa na namna ya kuizuia isitoe vumbi, nyingine ambayo mabomba yake ya kunyonya vumbi yaliachwa yazibe. Walisema inatosha kwamba vumbi la uzembe lilichangia kwa kiasi cha maana; hadaiwi kutenganisha chembe hii na ile. Nililishika hilo, kwa sababu shemeji akiwa kijana alipasua kokoto Kunduchi miaka miwili, na nilijua mtu atauliza hilo ni vumbi la wapi. Kisha 1963 mahakama ileile ikawaambia wafanyakazi wengine kwamba muda wa kudai ulianza kuhesabiwa mapafu yalipoanza kuharibika, kwa hiyo ulikwisha kabla wenyewe hawajajua kama wanaumwa. Hukumu ile ilionekana kuwa ya kikatili kiasi kwamba bunge lilibadilisha sheria mwaka huohuo. Miezi yetu kumi na miwili inayohesabiwa tangu ugonjwa ugundulike, nadhani, imelipiwa na watu wa namna ile.

## Mdogo wake

Karakana ile ina kijana mwingine wa familia. Shemeji alipoacha kazi 2023, alimwachia nafasi mdogo wake. Ndiyo kazi inayolipa ada ya watoto wa dada sasa.

Dada alilisema sebuleni bila kupaza sauti: "Tukipeleka, huyu anafukuzwa kesho yake. Tutakula hizo karatasi?"

Sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Ni rahisi mimi niliye na mshahara wa benki kusema haki itafutwe. Nilisema lile nililoweza: kwamba mdogo wake anavuta kilekile, na kadiri anavyokaa pale ndivyo tunavyongoja kilima cha pili. Dada akalia. Nikajuta namna nilivyosema, ingawa sikujuta nilichosema.

Jumamosi iliyofuata mdogo mtu akaja mwenyewe. Alisema anajua kaunta buku linapowekwa. Anaweza kupiga picha kurasa za miaka yote, usiku mmoja tu, tajiri akiwa Kariakoo.

Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka kwa ubavu, ndivyo anavyopumua vizuri. Akainuka akaketi. "Hapana. Usiguse droo ya mtu."

"Kaka, jina lako limo mle."

"Limo. Waliomo mle wakiulizwa watasema. Wewe usiguse."

Nilikasirika nikiwa nimekaa palepale. Niliona anatupa dhahabu shimoni. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoanza kumwelewa kidogo: amepoteza pumzi, hataki kupoteza na ndugu. Wiki iliyofuata alianza kupiga simu mwenyewe, simu fupifupi za kupumzika katikati, kwa mafundi waliowahi kukata naye. Mmoja amehamia Morogoro. Wawili wamefariki, na mmoja wa hao, mkewe alisema, alimaliza dozi ya TB mara tatu. Wawili wamekubali kuandika na kutia dole gumba. Mdogo wake ameanza kutafuta kibarua kwingine, cha vigae, ambacho nacho kina vumbi lake. Nimemnunulia barakoa yenye chujio na nimemwonyesha namna ya kukata kwa maji. Sijui kama anaivaa nisipokuwepo.

Imebaki miezi saba kabla ya mwaka kutimia. Fomu imejazwa, barua ya kwa tajiri imeandikwa kwa heshima, nakala zimewekwa kwenye bahasha ya plastiki.

Ijumaa nilipeleka ile picha steshenari ya Kimara mwisho ichapwe kwa rangi, kwa ukubwa wa karatasi nzima. Kijana wa pale aliifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akakunja uso.

"Anti, hii ina ukungu. Nikusafishie huu weupe? Dakika moja tu."

Nikamwambia aache kama ilivyo.